Anne Spoerry: Mama Daktari aliyewahi wagonjwa wa Pwani na kuficha siri ya kambi ya mauti

Kijijini Mwabungo, kati ya Diani na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, ugonjwa wa dharura una desturi ya kubisha hodi usiku. Mtoto aliyelala na homa huanza kukakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Anayemfikia kwanza ana muda mchache wa kuamua. Je, hili ni degedege la malaria, la kukimbiziwa hospitali? Au ni nyuni, yule ndege wa kishetani ambaye wazee wengi wa Pwani wameamini tangu jadi kwamba humvamia mtoto na kumkausha, naye dawa yake iko kwa mganga? Barabara ya lami ya Likoni hadi Lungalunga iko karibu, na hospitali ya Msambweni haiko mbali sana. Hata hivyo, lami na pikipiki havimfai mgonjwa kitu mpaka pawe na mtu wa kutambua kwamba safari ni ya lazima.

Katika ncha ya pili ya Pwani hiyo hiyo, kwenye visiwa vya Lamu ambako wakati huo mgonjwa alitegemea mashua, upepo na maji kujaa, swali hilo lilimpa kazi mwanamke mmoja wa Kifaransa kwa miaka 35. Wenyeji walimwita Mama Daktari. Jina lake ni Anne Spoerry. Mwabungo haikuwa katika mizunguko yake. Yeye alikuwa mtu wa Lamu, Marsabit na ufuo wa Ziwa Turkana. Lakini watoto wa degedege, wazazi waliotokwa damu, wavuvi walioumwa na nyoka na wachanga waliokaushwa na kuhara aliowahudumia ni wale wale ambao zahanati za Kwale huwapokea hadi leo. Na kisa cha maisha yake kina upande mwingine, ambao wagonjwa wake hawakuujua hata kidogo alipokuwa hai.

Alizaliwa Mei 13, 1918 mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, katika ukoo tajiri wenye asili ya Uswisi uliojijenga kwa viwanda vya nguo huko Alsace. Sehemu ya masomo yake ya utotoni aliyapata London, kisha akajiunga na masomo ya udaktari mjini Paris. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta angali mwanafunzi. Yeye na kaka yake François, aliyekuja kusifika baadaye kwa kusanifu mji wa Port Grimaud uliojengwa juu ya maji, waliingia katika mtandao wa siri wa kupinga utawala wa Wajerumani. Machi 1943 wakakamatwa. Baada ya kifungo cha miezi kadhaa nchini mwao, Anne alisafirishwa Januari 1944 hadi Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake iliyokuwa kaskazini mwa Berlin.

Hapo ndipo penye giza. Wafungwa wenye ujuzi wa tiba walitumiwa kuwahudumia wenzao, na Anne, ingawa hakuwa amehitimu, alipangiwa Jengo la 10. Humo walilundikwa wanawake wenye kifua kikuu pamoja na wale waliopatwa na wazimu. Msimamizi wa jengo alikuwa mfungwa mwenzao, Carmen Mory, raia wa Uswisi aliyekuwa na historia ya ujasusi na aliyeogopwa na wote. Msichana huyo wa miaka 25 akawa chini ya mkono wake. Baada ya vita, wanawake walionusurika walitoa ushahidi kwamba Anne alishirikiana na Mory kuwapiga na kuwatesa wagonjwa, na kwamba aliwadunga baadhi yao sindano za kuwaua. Wapo pia waliosema kwamba baada ya kuondolewa katika jengo hilo na kuachana na Mory alibadilika, akawauguza wagonjwa wa homa ya chawa kwa kujitolea, na kwamba wengine walikuwa hai kwa sababu yake. Shahidi hizo mbili hazifutani. Zinawezekana zote kuwa kweli kwa mtu mmoja, katika majira tofauti ya mwaka mmoja.

Mory alihukumiwa kifo na mahakama ya Waingereza mjini Hamburg mwaka 1947, akajiua kabla ya kunyongwa. Anne hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa naye. Lakini mwaka 1946 alikwisha kusimamishwa mbele ya mahakama ya heshima ya wapiganaji wa Ufaransa huru, ambayo ilimpata na hatia na kuamua akae nje ya nchi kwa miaka 25. Uswisi nako alichunguzwa, asifikishwe hukumuni. Akasomea magonjwa ya nchi za joto mjini Basel, kisha akaondoka Ulaya. Kituo cha kwanza kilikuwa Aden, ng'ambo ya bahari ambayo majahazi ya Lamu na Mombasa yaliifahamu kwa karne nyingi. Baadaye akavuka kuja Kenya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walowezi wa Ol Kalou walihitaji daktari, naye akawa wao, akiwatibu wenye mashamba na vibarua wao. Alinunua shamba, akafuga na kulima. Baada ya uhuru walowezi wengi walipouza mashamba na kwenda zao, yeye alibaki. Shamba lake la Subukia likawa ndilo nyumbani hadi mwisho wa maisha. Kwa jicho la leo ni rahisi kuona kwa nini mtu mwenye hukumu mgongoni hakuwa na haraka ya kurudi kwao. Wakati ule hakuna aliyemuuliza.

Mabadiliko makubwa yalimjia akiwa na miaka 45, umri ambao wengi huanza kufikiria kupunguza kasi. Alijifunza kurusha ndege. Shirika la Madaktari Warukao lilikuwa limeanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na baadaye likajulikana kote kwa jina la Amref. Lilihitaji watu wa kufika kule ambako barabara hazifiki. Wood alimpokea Anne mwaka 1964. Tangu hapo akawa rubani na daktari kwa pamoja, mara nyingi peke yake ndani ya ndege ndogo ya Piper yenye injini moja, ambayo wote waliifahamu kwa herufi zake za mwisho za usajili, Zulu Tango.

Mizunguko ya Lamu ndiyo iliyomtambulisha kwa Waswahili. Aliruka kutoka Nairobi hadi Pwani, akatua penye kiwanja na hata pasipostahili kuitwa kiwanja, kisha akaendelea hadi Faza, Kizingitini na Kiunga iliyo karibu na mpaka wa Somalia. Alijua Kiswahili, na alikitumia kwa amri zaidi ya kubembeleza. Foleni ilipangwa kando ya ndege au barazani mwa zahanati. Mama asiyempanga mtoto wake vyema alikaripiwa mbele ya watu. Aling'oa meno, akatibu vidonda, akachoma sindano, akachanja watoto kwa mamia dhidi ya surua, polio na maradhi mengine, kisha akapanda ndege kuwahi kituo kingine kabla jua halijatua. Watu walimwogopa, na siku ya zamu yake walifika wote.

Waandishi wengi waliomsifu walivutiwa na ndege. Picha ya bibi mwenye mvi akitua katikati ya mbuzi inauza gazeti. Lakini ndege yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya tiba. Mtoto wa Kizingitini aliyepatwa na degedege siku tatu baada ya Zulu Tango kuondoka hakuweza kuisubiri irudi. Maisha yake yalikuwa mikononi mwa mama, jirani, mkunga na muuguzi wa zahanati, na kwa bahati nzuri, mikononi mwa redio. Amref ilitandaza mtandao wa redio za masafa marefu uliounganisha misheni na zahanati za mbali na kituo chake katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Muuguzi alieleza dalili hewani. Daktari akauliza maswali. Dawa ikatajwa au ndege ikatumwa. Uamuzi huo ulitegemea kitu kimoja tu: je, mtu aliyeko kando ya kitanda ameona nini, na anaweza kukisema?

Ndiyo maana daktari wa mzunguko wa aina yake alilazimika kuwa mtu wa jicho kali. Pasipo maabara, mwili ndio unaosomwa. Utosi wa mtoto mchanga uliobonyea, macho yaliyozama, ngozi ya tumbo inayofinywa ikachelewa kurudi, hizo ni ishara za mwili uliokaukiwa maji. Mbavu zinazoingia ndani kwa kila pumzi na pua zinazotanuka humaanisha kichomi kilichokwisha kuwa kikali. Ndani ya kope za chini pakiwa peupe kama karatasi, damu imepungua. Haya yote huonekana kwa kutazama, na yeyote aliyefundishwa anaweza kuyaona, awe na stethoskopu ama asiwe nayo.

Degedege lilikuwa mtihani mkubwa. Familia nyingi zilimpaka mtoto mafuta ya taa, zikamfukiza, au zikamtia kijiko mdomoni ili asijing'ate, na kwa kijiko hicho meno yakavunjika au pumzi ikazibwa. Linalotakiwa ni jepesi kuliko hayo: mtoto alazwe kwa ubavu mahali salama, nguo nzito zivuliwe, asitiwe chochote mdomoni, si maji wala dawa, muda wa mtukutiko uangaliwe, na safari ya hospitali ianze. Kule hupimwa malaria na sukari ya damu, kwa kuwa sukari ikishuka sana mtoto hukakamaa vile vile. Enzi za Spoerry tegemeo lilikuwa kwinini na klorokwini, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea vya Afrika Mashariki vilipoanza kuishinda klorokwini. Leo malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Mtoto wa chini ya miaka sita aliye mbali na sindano hiyo anaweza kupewa na mhudumu wa afya dawa ya atesuneti ya kutiwa njia ya haja kubwa, kisha akimbizwe. Ni dawa ya kununua muda tu. Wapo wazazi ambao, baada ya kumwona mtoto ameamka na kuomba uji, wameahirisha safari, na malaria ikarudi na nguvu mpya.

Kuhara nako kuliua wengi kuliko inavyokumbukwa. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na hata pasipo kipindupindu, mtoto mchanga anaweza kukauka kwa siku moja. Miaka hiyo hiyo ya 1970 ndiyo dunia ilipokubali kwamba si kila mgonjwa wa kuhara anahitaji dripu. Mchanganyiko wa maji safi, sukari na chumvi, ukinywewa kidogo kidogo, huokoa wengi. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Kuzidisha chumvi ni hatari, hivyo pakiti za zahanati ni bora zinapopatikana. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa hayo tena ni wa hospitali, bila mjadala.

Kuhusu mama aliyejifungua, saa ndiyo adui. Anayetokwa damu kwa wingi baada ya kuzaa anaweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Tatizo ni kwamba damu ya uzazi imezoeleka, na wanaomzunguka hawajui ni ipi ya kawaida na ipi ya kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka Kigoma, Tanzania, ulionyesha njia ambayo mwanamke yeyote wa Pwani angeielewa mara moja: wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa kanga. Kanga mbili zikilowa, mama yuko hatarini, na kungoja kumekwisha. Kusugua tumbo chini ya kitovu ili mji wa mimba ukaze, kumpa mtoto ziwa, na kukimbia kwenye sindano ya kuukaza mji wa mimba: hayo ndiyo ya kwanza. Hakuna redio inayoweza kufanya hayo kwa niaba ya aliyeko chumbani.

Nyoka wa Pwani hawahitaji kuelezwa Mwabungo. Kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Koboko hulegeza kope, ulimi, na mwisho kifua. Kwa wote wawili, wembe, jiwe jeusi na kamba ya kubana mguu vimewaongezea wagonjwa madhara. Mguu usitikiswe, ufungwe na ubao kama uliovunjika, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na mgonjwa abebwe badala ya kutembea. Nyoka asisakwe, anayemfuata vichakani mara nyingi hurudi akiwa mgonjwa wa pili.

Kwale ya sasa ina mambo ambayo Lamu ya mwaka 1964 haikuyaota. Simu imechukua mahali pa redio. Bodaboda imechukua mahali pa punda na mashua, ingawa imeleta nayo majeruhi wake yenyewe. Tangu 2023 serikali ya Kenya imesambaza wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja nchini kote, wakiwa na mikoba ya vifaa vya msingi, ili nyumba ziwe na mtu wa kuzitembelea na kutambua mapema. Wazo hilo si geni kwa Amref, ambayo tangu miongo ya awali iliona kwamba madaktari wachache, hata wakiwa na mabawa, hawawezi kuwa kila mahali.

Yeye mwenyewe aliendelea kuruka. Wenzake walizeeka na kustaafu. Mama Daktari alipita miaka 70 akiwa bado anaingia Zulu Tango alfajiri. Mwaka 1994 alitoa kumbukumbu zake kwa Kifaransa, na miaka miwili baadaye zikatoka kwa Kiingereza. Ndani yake mna Aden, mashamba, jangwa na visiwa. Ya Jengo la 10 hayamo. Waliojaribu kumuuliza kuhusu kambi walikuta mlango umefungwa, na hata rafiki zake wa karibu walijifunza kutobisha.

Baada ya kifo chake, mwandishi Mmarekani John Heminway, aliyemfahamu kwa miaka mingi na kuruka naye, alifuatilia majalada ya Ulaya na watu waliokuwa wangali hai. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 2018, na ndicho kilichowafahamisha wasomaji wengi kwamba bibi waliyemheshimu alikuwa amehukumiwa na wenzake wa vita. Kuna waliosoma humo hadithi ya toba ya nusu karne. Wengine waliona kukwepa. Tafsiri ya toba inavutia, lakini ina upungufu: mtu anayetubu hukiri, naye hakukiri. Kwa upande wa pili, wagonjwa wa Faza hawakutibiwa kwa hoja. Mtoto aliyechanjwa surua amechanjwa, hata mkono ulioshika sindano uwe na historia gani.

Kuna jambo moja ambalo ni vigumu kulikwepa. Katika Jengo la 10 na kando ya ndege kule Kiunga, hali ilikuwa na mfanano wa kutisha: mtu mmoja mwenye ujuzi, umati wa wanyonge wasioweza kubishana naye, dawa isiyotosha, na macho yanayopita haraka kuchagua nani atangulie. Ujuzi wa kumtambua anayekaribia kufa ni ule ule pande zote mbili. Huenda hiyo ndiyo sababu hakuvumilia uzembe wa muuguzi aliyemwacha mgonjwa mahututi mwisho wa foleni, na huenda ni tabia yake tu ya kuzaliwa. Hakuiacha siri hiyo kwa mtu.

Januari 1999 kaka yake François alifariki. Majuma matatu baadaye, Februari 2, Anne naye akafa jijini Nairobi kwa kiharusi, ugonjwa wa dharura ambao dalili zake, uso kupinda upande, mkono kulegea na maneno kukwama, angezitambua kwa mgonjwa mwingine kabla hajamaliza kusalimiwa. Alikuwa na miaka 80. Kitabu cha Heminway kilipotoka, watoto wa kwanza aliowachanja visiwani Lamu walikwisha kupita umri wa miaka 50, na wengi wao walikuwa wazazi wa watu wazima.